Maswali ya Wasomaji: Bobari Butu na Mistari Inayovunjika

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana ninayeishi Igogo, Mwanza. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijifunza kuchonga picha kwenye vibao vya mbao ili nizichapishe kwenye karatasi. Natumia vipande vya mvule ninavyopewa na fundi samani jirani yetu, pamoja na seti ndogo ya bobari (patasi zenye makali yaliyopinda kama mfereji) na patasi za kawaida niliyonunua sokoni. Kila ninapojaribu mistari myembamba, kwa mfano nyuzi za wavu wa mvuvi au nyusi za mtu, ubao unachanika na mstari unavunjika. Je, nitafute mbao gani iliyo bora zaidi?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Umeuliza kuhusu mbao, nami nitafika huko, lakini naomba nianze na vyombo vyako, kwa sababu nimeona mbao nyingi zikilaumiwa kwa kosa la bobari butu. Bobari inayotoka dukani mara nyingi imesagwa kwa mashine tu, haijanolewa. Ina umbo la makali, ila makali yenyewe bado. Ichukue ya kwako, uielekeze kwenye mwanga wa dirisha na uitazame nchani. Ukiona mstari mweupe unaong'aa, hapo ndipo palipo butu, kwa maana makali ya kweli ni membamba kiasi kwamba hayarudishi mwanga. Kisha chonga mfereji mmoja ukikatiza nyuzi za kipande cha paini. Bobari kali huacha mfereji laini. Iliyo butu huziponda nyuzi kabla ya kuzikata, na mfereji hubaki na manyoya. Mstari mwembamba uliozungukwa na nyuzi zilizopondwa hauna pa kujishikiza, ndiyo maana nyusi za mtu wako zinang'oka.

Huhitaji jiwe la kunolea la bei kubwa. Nenda kwenye duka la rangi za magari ununue msasa wa maji, namba 400, 1000 na 2000, uulaze juu ya kipande cha kioo kinene kilichonyooka na uuloweshe. Patasi husukumwa ikiwa imelalia mteremko wake wenyewe, yaani uso uliosagwa kwa mshazari kuelekea makali, bila mkono kuinuka. Bobari ya mviringo inataka jambo jingine: isogeze upande kwa upande huku ukiizungusha kwa kifundo cha mkono, ili kila sehemu ya upinde wake iguse msasa kwa kiasi kile kile. Ile yenye umbo la V ihesabu kama patasi mbili zilizokutana. Noa kila upande peke yake, halafu ipitishe kwa wepesi ile kona ya chini. Mteremko wa digrii 20 hadi 25 unafaa kwa kazi nyingi za namna hii. Endelea mpaka ukipapasa upande wa pili kwa kidole uhisi ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja, kwa sababu ukingo huo ndio ushahidi kwamba umefika kwenye makali. Uondoe kwa msasa namba 2000 uliozungushiwa kijiti chenye unene wa bobari, kisha malizia kwa kuiburuta kinyumenyume juu ya mkanda mkuukuu wa ngozi. Mkanda huo usiuweke mbali: kila baada ya robo saa ya kuchonga, rudi kwake mara chache, na hutalazimika kuanza upya na msasa kila siku.

Usikubali kunolewa kwa mashine ya umeme na mtu mwenye haraka. Chuma kikipata moto mpaka kikageuka rangi ya samawati, ugumu wake umekwisha mahali hapo, na makali hayatakaa tena hadi sehemu hiyo isagwe yote.

Sasa mbao. Mvule ni mti wa heshima kwa milango na mashua, kwa kuwa hauozi upesi, lakini kwa mistari myembamba unasumbua kwa sababu mbili. Nyuzi zake zimepishana, hivyo bobari iliyokwenda vizuri kwa sentimita moja hujikuta ikizama katika sentimita inayofuata. Tena ndani yake hukutwa mara nyingine vijiwe vya chokaa ambavyo mti wenyewe huvitengeneza, na kijiwe kimoja kinatosha kumega makali uliyoyahangaikia asubuhi nzima. Wajapani walichagua mcheri wa milimani, na mafundi wa Ulaya walipenda sana mti wa peasi. Yote ni miti migumu kiasi, yenye vitundu vidogo na nyuzi zilizolingana, na ndiyo iliyoweza kubeba mistari kama ile ya picha ya wimbi kubwa ya Hokusai, mchoraji wa Kijapani, iliyochapishwa karibu na mwaka 1831. Inafaa ukumbuke kwamba Hokusai alichora tu. Kuchonga kulikuwa kazi ya fundi mwingine, na kuchapisha kazi ya fundi wa tatu. Wewe unazifanya zote tatu, kwa hiyo usijihukumu kwa ukali. Kwa mistari myembamba jaribu mjakaranda uliokauka vizuri, ambao ni mlaini, au plaiwudi nzuri yenye uso usio na vifundo. Mvule utunzie picha za maumbo mapana, kama miamba yetu.

Jambo la mwisho ni namna ya kukata. Tangulia kwa kisu pande zote mbili za mstari, ukikilaza ili mkato ushuke ukienda mbali na mstari, na mstari wenyewe usimame kama kilima chenye kitako kipana. Ukikata kuelekea chini ya mstari, unauchimbia kaburi. Baada ya hapo ndipo bobari iondoe mbao iliyobaki, nayo itasimama kwenye mkato wa kisu badala ya kupita. Penye kona, zungusha kibao, si mkono. Mikono yote miwili iwe nyuma ya makali daima: kovu lililo kwenye kiganja changu cha kushoto lilitokana na bobari butu niliyoisukuma kwa nguvu, ikateleza.

Swali: Shikamoo. Ninaandika kutoka Nansio, Ukerewe. Bobari zangu nilizipaka mafuta ya alizeti na kuziweka kwenye mfuko wa ngozi, lakini zimenata na kutu imeanza. Kaka yangu ananishauri ninoe kwenye jabali la ufukweni, wanaponolea visu vya kupasulia sangara. Je, nifuate ushauri wake?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Mafuta ya alizeti hukauka polepole yakikutana na hewa na kuwa kama gundi, kwa hiyo hayafai kutunzia chuma. Tumia mafuta ya cherehani. Ngozi nayo hufyonza unyevu na kuugandamiza kwenye chuma, na kwenu unyevu wa ziwa haupungui. Ni afadhali kitambaa kikavu cha pamba kilichopakwa mafuta kidogo, kila chombo kikizungushiwa peke yake ili makali yasigongane. Kutu ya juujuu itatoka kwa msasa wa maji namba 1000 pamoja na matone ya mafuta. Ikiwa imechimba vishimo kwenye makali, saga mpaka uvipite, kwa sababu kila kishimo kitaacha mchirizi kwenye kila mfereji utakaochonga.

Kuhusu jabali, kaka yako hajakosea kwa upande wa visu vya samaki. Lakini miamba yetu ni graniti, yenye chembe kubwa za madini ambayo ugumu wake unatofautiana sana, na makali yanayotoka hapo huwa na meno madogo. Meno hayo husaidia kukata ngozi ya samaki; kwenye kibao huchana.

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Ilemela. Wanafunzi wangu walichonga jina la jiji letu, lakini lilipochapwa lilisomeka kinyume. Tufanye nini?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, andikeni jina kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, mkiligeuza liangalie kibao, kisha msugue mgongo wa karatasi kwa kijiko mpaka alama zihamie. Kabla ya mkato wa kwanza kisomeni kibao kwenye kioo. Katika neno MWANZA, herufi M, W na A hazibadiliki zikigeuzwa, na hizo ndizo zinazowadanganya watoto. Waelekezeni watazame N na Z.