Baba ataka kupanda mlimani mara ya mwisho, na hatujasemezana miaka 14

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mbenet wa Mlima Elgon, Uganda, nina miaka 38. Nilipokuwa na miaka 24 niliajiriwa kuwa askari wa hifadhi, mbali na kwetu. Siku niliyofika nyumbani na sare, baba alisimama mlangoni akasema, "Waliochoma nyumba yangu walivaa hivyo hivyo." Tangu hapo hatujasemezana. Niliwahi kumtumia blanketi kupitia dada yangu. Anasema liko kwenye nailoni yake, kamba haijakatwa. Sasa mzee anaumwa. Miguu inavimba, pumzi inamkatika. Amemwambia dada anataka kufika tena kule juu alikozaliwa, na nimpeleke mimi, si kaka zangu. Shangazi, huko njiani nitamwambia nini?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nakwama pale pale: "mimi, si kaka zangu." Mzee ana wana wengine wenye mabega, akamtaka yule asiyesemezana naye. Unaniuliza utamwambia nini, kumbe mwenzio ameshaanza kuongea.

Lakini tuanze na hiyo miguu. Kuvimba miguu pamoja na kukatika pumzi huenda ni moyo unaolemewa, na kule kwenye nyika ya juu, kupita mita 3,000, hewa ni nyepesi na usiku maji huganda. Mpeleke hospitali kwanza, mweleze daktari bila kuficha mnataka kufika wapi. Akisema hapana, msimdanganye. Ishieni pale atakaporuhusu, hata ikiwa ni ukingoni mwa msitu tu. Akiruhusu, shikeni njia ya Piswa kutokea Kapkwata: ni ndefu, ila haina mwinuko mkali kama njia nyingine iitwayo Sasa. Tafuta vijana wanne wa kubeba machela, na wasiitoe mpaka mzee aombe.

Ruhusa ya kuingia hifadhini iombe mapema, kwa jina lako na lake. Nakusihi usimpitishe kwa kificho. Mtu aliyefukuzwa kwao asirudi huko kama mwizi. Wala usitangulize cheo chako getini. Sare iache nyumbani kwako.

Sasa ile hasira. Wasomaji wengine hawajui, kwa hiyo niseme: Wabenet walikuwa wafugaji na warina asali kule juu kabla mlima haujaitwa hifadhi. Mwaka 1983 serikali ilitenga hekta 6,000 za kuwashushia, na wengi hawakupata kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mlima ukawa hifadhi ya taifa, wakafukuzwa tena. Oktoba 2005 Mahakama Kuu, Mbale, ilikubali kwamba Wabenet ni wenyeji wa asili wa eneo lile, na hadi leo wapo wanaoishi kwenye vibanda wakingoja ardhi. Baba yako ameyaishi hayo yote. Na wewe, kijana wa miaka 24 usiye na shamba la kurithi, ungekula wapi? Kilichomnyima yeye ardhi ndicho kilichokusukuma wewe kwenye kazi ile. Sikulaumu kwa sare hata kidogo.

Ninachokulaumu ni kutorudi. Ulipaswa kwenda tena mwaka uliofuata, hata kama angekufukuza mara ya pili, na ya tatu. Kwa hilo muombe radhi, kwa maneno machache, mkiwa mmekaa. Usimtetee mwajiri wako, usimfafanulie sheria. Akikulaumu, itika, "Naam, baba," ukae kimya.

Mengine yote muulize. Muulize kijito hiki kinaitwaje kwa Kupsapiny, lugha yenu, ng'ombe walilambia wapi chumvi, mzinga wake wa kwanza aliutundika mti gani, walilala pango lipi mvua ilipowakamata. Mwache atangulie, hata akienda hatua kumi na kupumzika. Ninyi mnaolinda misitu mna ramani za kila kitu. Majina hayo hayamo humo, yamo kwake peke yake. Yaandike kwenye daftari mbele ya macho yake, umsomee akurekebishe.

Inawezekana asiseme "nimekusamehe." Wazee wetu wengi hawana neno hilo mdomoni. Akikuonyesha kitovu chake kilizikwa wapi, usidai zaidi.

Na usingoje likizo ya mwaka. Omba ruhusa ya dharura kazini wiki hii. Marehemu baba yangu aliniomba nimfikishe Mto Manafwa, pale alipokuwa akivua samaki utotoni. Nikamwambia baada ya mavuno. Mavuno yalipofika, matanga yalikuwa yameshakwisha. Mpaka leo nikivuka daraja lile naangalia upande mwingine.

Nimebakiza blanketi. Kitu mtu asichokitaka hukigawa, au hukipeleka sokoni. Yeye amelala nacho chumba kimoja miaka yote hiyo, kamba ikiwa nzima. Mwambie dada yako asilifungue. Lipandishe mlimani likiwa hivyo hivyo kwenye nailoni yake, na usiku wa kwanza baridi itakapoanza kushuka, liweke mapajani mwake, kisha umpe kisu akate kamba mwenyewe.