Wazee wenzangu, tusimchekee anayewabeza vijana

Wazee wenzangu wa Lubumbashi, kuna kicheko nataka tukiache. Ni kile kinachotoka kwetu mstari wa mbele, kwenye viti vya plastiki chini ya hema, pale mwanasiasa anapowanyooshea kidole vijana waliosimama nyuma na kusema watoto wa leo hawajui kitu. Tunacheka kwa mazoea. Pengine asubuhi ileile tumeyasema maneno hayo sisi wenyewe, mjukuu alipochelewa kuleta maji. Lakini mbele ya mtu anayetafuta kura au anayelinda kiti chake, kicheko kile kina kazi, na ni kazi mbaya. Nimefundisha shule ya msingi hapa mjini, mtaa wa Katuba, mpaka nikastaafu. Wengi wa vijana hao wamepita mikononi mwangu, na siwezi kulinyamazia jambo hili.

Bunge la Kinshasa hufunga kikao katikati ya Juni na kufungua tena katikati ya Septemba, na katika miezi hiyo wabunge hurudi kuonana na waliowachagua. Ni miezi ya baridi na vumbi. Mbunge mmoja alikuja kwetu wakati huo, tukakutana katika lupango (ua wa nyumba) ya mzee jirani. Wazee tulikuwa mbele na makoti yetu, mama mwenye nyumba ametuwekea babula (jiko la makaa) karibu na miguu, vijana wamejipanga kando ya ukuta. Kijana mmoja akaomba mikrofoni. Namjua, ni mpole, hata darasani alikuwa wa kunyoosha mkono na kungoja. Akauliza: kiwanja chetu cha mpira kimeanza kujengewa ukuta, nani amekiuza, na karatasi zake ziko wapi?

Mbunge hakumtazama. Alitugeukia sisi. "Ba papa na ba mama, munasikia? Bana ba leo kazi yabo ni telefone. Siku ya kura banalala, kisha banakuya kutuuliza maulizo." Wazee wakacheka, wengine wakapiga makofi. Kijana akarudisha mikrofoni, na mazungumzo yakahamia kwenye barabara.

Lile neno la dharau lilizaliwa na swali. Mtu mwenye jibu angejibu kwa dakika moja na kuendelea. Asiye nalo, au asiyetaka kulitoa, anatafuta pa kutokea, na mlango alioupata ni sisi. Alijua kwamba mtoto wa Katuba hatamkatiza mtu mzima mbele ya wazee wanaocheka. Adabu tuliyowafunza ndiyo iliyotumika kuwafunga mdomo, na makofi yetu ndiyo yaliyomlipia. Toka siku ile, kila nikisikia mwanasiasa akiwasema vijana vibaya mbele yangu, jambo la kwanza ninalojiuliza ni hili: wameuliza nini?

Aliyetufundisha la kufanya ni mama mmoja anayeuza unga kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini. Mkutano ulikuwa unafungwa, mbunge ameshaanza kushukuru, mama akainuka pale alipo bila kungoja mikrofoni. "Honorable, tunakushukuru kwa kuya. Ule mutoto aliuliza nani aliuzisha kiwanja. Na miye pia niko nangoya jibu." Akakaa. Hakuna aliyecheka. Mbunge akasema hana habari kamili, atafuatilia, na kwa mara ya kwanza alikuwa anamtazama kijana wakati anasema.

Tazameni alivyofanya, maana nimeona wengine wakijaribu na kuharibu. Hakusema "umewatukana watoto wetu", kwa sababu angesema hivyo, mjadala ungekuwa juu ya matusi na mbunge angeapa kwamba alikuwa anatania. Hakuongeza la kwake, bei ya unga wala umeme unaokatika, ingawa anayo mengi. Hakulipamba swali wala kulilainisha. Alilirudisha kama lilivyoulizwa, akataja kwamba ni la kijana, kisha akajiunga naye. Mwanasiasa anaweza kumpuuza kijana, na anaweza kuwafurahisha wazee. Anashindwa pale mzee na kijana wanapouliza swali moja.

Kwa hiyo kabla ya mkutano, ongeeni. Wazee wawili au watatu mkubaliane kwamba swali la kijana likirukwa, mmoja wenu atalirudisha, na akirukwa naye, wa pili atalirudisha. Ombeni pia vijana wapewe viti mbele pamoja nanyi. Mwenye nyumba ndiye anayepanga viti, na mwenye nyumba kwa kawaida ni mmoja wetu. Ninalowasihi zaidi ni msigeuke wasemaji wao. Ukishalirudisha swali, kaa. Wazee tuna ugonjwa wa kushika mikrofoni na kueleza kijana "alitaka kusema nini", wakati kijana alishasema vizuri kuliko sisi.

Kuna wazee watakaoniambia: lakini ni kweli, watoto wa leo hawajui siasa, ni wa fulana na bia. Siwezi kukataa kwamba wapo wanaopanda lori la kampeni kwa ajili ya fulana. Na mama wenzangu wanaovaa kitenge chenye picha ya mgombea tuwaiteje? Umaskini haujali umri. Kuhusu kutojua siasa, tukumbuke nchi hii ilianzwa na watu wa umri gani. Lumumba alizaliwa Julai 1925, kwa hiyo alipokuwa waziri mkuu Juni 1960 hakuwa ametimiza miaka 35. Tshombe alipotangaza hapahapa mjini, tarehe 11 Julai 1960, kwamba jimbo la Katanga limejitenga na Kongo, alikuwa na miaka 40. Mobutu alikuwa mnadhimu mkuu wa jeshi mwaka huohuo akiwa na miaka 29, na Joseph Kabila alikuwa na miaka 29 alipoingia urais Januari 2001. Mazuri yao na mabaya yao, kila mtu ana hesabu yake. Ila hakuna aliyewaambia wasubiri mvi. Katiba ya 2006 yenyewe inampa kura mwenye miaka 18, inamruhusu mwenye 25 kugombea ubunge na mwenye 30 kugombea urais.

Sisi wa Lubumbashi tuna sababu zaidi ya kunyamaza na kusikiliza. Mobutu, akiwa rais, alitangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei, wanafunzi wa chuo kikuu chetu walivamiwa kwenye mabweni yao na wengine wakauawa. Uhuru wa vyama vingi ambao leo unampa mbunge nafasi ya kuja na bendera ya chama chake katika lupango yetu, waliotangulia kuulipia ni watoto wa umri wa hao waliosimama ukutani. Mwenye kumbukumbu ya siku zile hawezi kupiga makofi kijana akiambiwa hajui kitu.

Na si habari za zamani tu. Januari 2015, vijana na wanafunzi waliingia barabarani Kinshasa, Goma na Bukavu kupinga kifungu cha muswada wa sheria ya uchaguzi kilichotaka watu wahesabiwe kwanza kabla ya uchaguzi, na kifungu kile kikaondolewa. Harakati ya Lucha ilianzishwa na vijana wa Goma mwaka 2012, na moja ya madai yao ya mwanzo lilikuwa maji safi ya kunywa. Na Beni! Desemba 2018, zikiwa zimebaki siku chache, tume ya uchaguzi ilisogeza mbele upigaji kura wa Beni na Butembo, miji ya mashariki, kwa sababu ya Ebola na usalama, huku sehemu kubwa ya nchi ikipiga tarehe 30. Siku hiyo watu wa Beni, vijana mbele, walijipangia vituo vyao wenyewe, wakaandaa karatasi na masanduku, wakasimama mstari na kupiga kura ambazo walijua hazitahesabiwa. Mtu anayesema vijana wa Kongo hulala siku ya kura amwambie hivyo kijana wa Beni.

Mambo mengine ni ya nyumbani, nayapitia haraka. Tukiwaita wavivu kila siku jikoni, mwanasiasa hahitaji kutunga neno, anachukua letu. Na mkiitwa kwenye mkutano wa "wazee peke yao" kuhusu jambo linalowagusa vijana, mkatae au mwende nao.

Kuna suala la kadi ambalo linahitaji mkono wetu hasa. Wanasiasa hupenda kusema vijana wanajiandikisha ili wapate kitambulisho tu. Na sisi je? Nchi imeishi miaka mingi bila kitambulisho cha taifa mikononi mwa raia, na kadi ya mpiga kura ndiyo ninayoonyesha benki na njiani. Hilo si aibu kwa mtu yeyote. Katika jimbo letu la Haut-Katanga uandikishaji wa mwisho ulianza Januari 2023. Mtoto aliyekuwa na miaka 13 wakati ule atakuwa na 18 uchaguzi wa 2028 ukifika, naye leo yuko sekondari, wengi wao bila cheti cha kuzaliwa. Sheria ya uandikishaji, kwa mtu asiye na karatasi, inakubali ushuhuda wa watu ambao tayari wameandikishwa kituo kilekile na ni wakazi wa muda mrefu. Wakazi hao ni sisi. Anzeni sasa kuulizana kwenye avenyu yenu ni mtoto gani hana karatasi, mtafutieni cheti mapema, na siku ya kituo kufunguliwa mwende naye mkasimame kama mashahidi. Usimtume peke yake halafu umlaumu kwamba amerudi mikono mitupu.

Nao vijana wanatusaidia. Mashine za kupigia kura zilipoletwa 2018, wazee wengi tuliziogopa: unaingiza karatasi, unagusa picha ya mgombea kwenye kioo, inachapisha chaguo lako, unaitia sandukuni. Sheria inampa asiyeweza peke yake haki ya kuingia na mpiga kura anayemwamini. Mimi niliingia na binti wa dada yangu. Alinionyesha pa kugusa, kisha akageuza uso wake pembeni mpaka nilipomaliza. Huyo ndiye wanayemwita mtoto wa telefone.

Swali la kiwanja tulilifikisha mbali kidogo. Kifungu cha 27 cha katiba kinampa kila Mkongo, peke yake au pamoja na wengine, haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kinasema pia kwamba hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kufanya hivyo, na kipande hicho wasomeeni vijana kwa sauti, maana woga upo. Vijana waliandika, sisi tukatia sahihi chini ya zao, si juu. Tulitengeneza nakala mbili, ya pili tukaomba igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Bila ule muhuri, miezi mitatu haina mwanzo. Ofisi tuliyoiandikia ilijibu ndani ya muda kwamba inachunguza nani aliyetoa kibali. Jibu halikuturidhisha, lakini lina sahihi ya mtu, na vijana wamelihifadhi.

Juu ya zawadi, najua mtasema mkono mtupu haulambwi. Mimi nasema mzee aliyepokea mchele kabla ya swali atauliza kwa sauti ndogo. Kama hamuwezi kukataa kabisa, angalau kitu chochote kisigawiwe kabla maswali hayajaisha, na mpewe wote waliohudhuria, si mstari wa mbele pekee. Vijana huangalia nani anaondoka na kifuko. Wakishaona ni sisi, hawatatuamini tukiinuka siku nyingine.

Na mwanasiasa aliyewabeza vijana akija kuomba radhi? Wa kwetu alikuja, jioni moja, kwa wazee peke yetu, na katoni ya sukari. Tulimpa kiti, tukamsikiliza. Akasema ulikuwa mzaha wa kuchangamsha mkutano. Mzee mwenye lupango akamjibu kwa upole kwamba radhi ni jambo jema, lakini waliotukanwa hawapo hapa, basi aje Jumamosi saa kumi kiwanjani, aseme mbele yao, na alete jibu la swali. Sukari aliondoka nayo. Fanyeni hivyo hivyo kwenu: msipokee radhi ya mtu mwingine, hata ikija na heshima zote.

Jumamosi wazee tulibeba viti vyetu mpaka kiwanjani, tukakaa tumechanganyika na vijana. Mbunge hakufika, alimtuma katibu wake na daftari. Yule kijana akalisema swali lake tena, katibu akaliandika, vijana wakataka asome alichoandika. Alikuwa ameruka "nani amekiuza". Wakamwambia aongeze, akaongeza, akatia sahihi.