Mdogo wangu anatoka jela, je, bado anahitaji wahudumu wa sindano?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu alikuwa akijidunga heroini. Alikamatwa na kete mbili, akafungwa miezi minane, na wiki ijayo anatoka. Zamani kuna wahudumu wa afya waliokuwa wakimpa sindano mpya. Mume wangu anasema hao ndio waliomharibu, wasikanyage kwetu. Mimi naona ameshaacha, sindano za nini tena? — Dada mtu

JIBU: Marahaba mwanangu. Muda ni mfupi, basi nianze na linalonitisha. Wiki mbili za kwanza baada ya jela ni za hatari kupita kiasi. Alipokuwa akitumia kila siku mwili ulishazoea. Sasa mazoea hayo yamekwisha. Akikutana na wenzake akajidunga kipimo kile kile cha zamani, pumzi inaweza kukata. Nimekuwa muuguzi miaka mingi, na ndugu wanaomleta mtu wa namna hiyo husema: "Lakini alikuwa ameacha!"

Kwa hiyo mwambie waziwazi, bila kumsuta: ukiteleza, usitumie peke yako, wala usirudie kipimo cha zamani. Najua mdomo unakuwa mzito. Mwambie hivyo hivyo.

Ulizeni naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini; ipo ya kudunga na ya kupuliza puani. Mkimkuta anakoroma kwa shida au hapumui vizuri, midomo imebadilika rangi, mboni za macho zimesinyaa kama kitone, na mkimtikisa haamki, mpeni, iteni msaada, mpulizieni pumzi mdomoni. Akianza kupumua mlazeni ubavu. Hata akizinduka, apelekwe hospitali: naloksoni hufanya kazi dakika 30 hadi 90 hivi, na ikiisha nguvu kabla ya unga, anaweza kuzimika tena.

Sasa kwa mumeo. Wahudumu wale walimkuta tayari anajidunga. Bila wao angeazima bomba la mwenzake lenye mabaki ya damu, na kirusi cha homa ya ini C kinaweza kukaa hai humo wiki kadhaa. Tena hao ndio wanaojua mlango wa methadoni, dawa ya kunywa mara moja kwa siku, inayozuia arosto, yaani mateso ya kukosa unga, na kutuliza hamu. Kwa kuwa amekaa muda bila unga, daktari ndiye ataamua kama inamfaa na aanze na kiasi gani.

Na kufungwa kwa kete mbili kunaniumiza. Ureno, tangu Julai 2001, anayekutwa na kiasi kisichozidi matumizi yake ya siku 10 hashtakiwi kama mhalifu. Anaitwa mbele ya jopo lenye watu wa sheria, saikolojia na ustawi wa jamii. Muuzaji bado anafungwa. Waliongeza pia matibabu na sindano safi, na maambukizi mapya ya VVU kwa wanaojidunga yakashuka sana. Mdogo wako, kama hakutibiwa humo ndani, anarudi akiwa karibu zaidi na kifo kuliko siku aliyokamatwa.

Watafute wahudumu wale leo, wajue tarehe anayotoka. Na mkampokee langoni, mumeo akikubali nyote wawili, kabla hajapokelewa na wengine.