Akili mnemba dukani: uulize mapema, uandike jibu

Mdogo wangu unayefungua duka la jumla mwaka huu, iwe Mtwara mjini, Masasi au Nachingwea, najua simu yako tayari ina programu ya akili mnemba. Itumie. Mimi naitumia karibu kila siku na sina hamu ya kurudi kwenye kukesha nikipiga hesabu za mwezi. Ila wengi mnaiwekea matumaini ya siku ya shida, na siku hiyo ndiyo huenda isipatikane.

Kumbuka Mei 2024. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika pwani, mvua ikakata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, malori yakalala njiani. Tarehe 12 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu, mtandao ukayumba nchi nzima. Mwenye swali la "sasa nifanyeje?" hakuwa na wa kumuuliza.

Swali hilo liulize Septemba, jua likiwaka. Ipe mashine orodha ya bidhaa, kiasi kinachotoka kwa wiki na siku ambazo lori hutumia kutoka Dar, kisha uliza: barabara ikifungwa siku 14, kipi kitaisha kwanza? Jibu la kwanza huwa la vitabuni: tafuta wasambazaji wengi, weka akiba ya dharura. Usilipokee. Ibane, iambie: mtaji wangu ni huu, stoo inaingia mifuko kadhaa tu, unga kwa joto la huku unapata wadudu. Hapo ndipo inaanza kusema la maana: sukari, chumvi na sabuni zijae kabla ya mvua, unga uagizwe kidogo kidogo. Orodha ikikaa sawa, kaichapishe, ibandike ukutani stoo, pamoja na namba ya mwenye lori wa njia ya Songea na Tunduru. Njia hiyo ni ndefu na nauli yake inauma, lakini ni lami.

Halafu kuna suala la msimu. Ukiilisha mauzo ya Februari hadi Juni peke yake, itakuambia duka linakufa, ushushe bei. Haijui kwamba huku pesa inafuata mnada. Korosho zinauzwa kuanzia Oktoba kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaziweka ghalani, zinapigwa mnada, naye analipwa baadaye, na kabla ya malipo kuingia, nusu ya mtaa wanachukua mali kauli, yaani kwa mkopo. Ufuta unapoza kidogo katikati ya mwaka. Na mnada wenyewe unaweza kwenda mrama: 2018 wakulima walikataa bei za wanunuzi, Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wapo waliosubiri malipo kwa muda mrefu. Kwa hiyo ipe miezi 12 kamili, uieleze msimu kwa maneno yako, kisha uliza: malipo yakichelewa miezi miwili, mali kauli niifunge kwenye shilingi ngapi? Kwa maoni yangu, hakuna swali lenye faida kuliko hilo.

Majina ya wadaiwa usiyaingize. Andika mteja wa kwanza, wa pili. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zaidi ya sheria kuna majirani.

Matapeli nao wanaitumia. "Ile hela tuma kwenye namba hii" tulishaizoea, lakini sasa hata sauti ya msambazaji wako inaweza kuigwa. Hong Kong, mfanyakazi wa kampuni ya Arup alituma takriban dola milioni 25 baada ya mkutano wa video na "wakubwa" wake ambao walikuwa wa kutengenezwa. Habari hizo zilitoka 2024. Msambazaji akibadili namba ya malipo, kata simu, mpigie kwa namba iliyo daftarini. Akinuna, anune.

Daftari lenyewe usilitupe. Kwangu kila Jumamosi jioni madeni na stoo hunakiliwa kutoka kwenye simu kwenda kwenye karatasi, kazi ya nusu saa. Na mara moja kila msimu tunauza siku nzima simu zikiwa zimezimwa. Ndivyo tulivyogundua kuwa msaidizi hajui bei ya dumu la mafuta la lita 20 mpaka achungulie skrini. Sasa bei ziko nyuma ya mlango kwa kalamu ya maka, na hubadilishwa kila mzigo unaposhuka.