Maswali ya Wasomaji: Seicho Matsumoto na Dakika Nne za Tokyo

Mhariri, nimemaliza Tokyo Express, riwaya ya upelelezi ya Mjapani Seicho Matsumoto. Mpelelezi anashikilia kwamba aliyesimama jukwaa la 13 aliweza kuliona jukwaa la 15 kwa dakika nne tu. Mbona dakika nne ziwe kesi nzima? (Msomaji, Kisumu)

Chora mistari mitatu sambamba kwenye karatasi: reli ya 13, ya 14 na ya 15. Treni ya Asakaze iendayo Hakata, stesheni ya mji wa Fukuoka, inaingia reli ya 15 saa 11:49 jioni na kuondoka saa 12:30. Inakaa pale dakika 41, kwa hiyo ungedhani aliye ng'ambo ataiona muda wote huo. Haiwezekani, kwa kuwa jioni stesheni ya Tokyo haina nafasi ya kupumua. Treni moja ikitoka katikati, nyingine inaingia, na behewa likishasimama mbele yako huoni kitu. Treni ya reli ya 13 inaondoka saa 11:57 na inayofuata inaingia saa 12:01. Hapo katikati tu ndipo njia inakuwa wazi.

Sasa geuza swali. Mashahidi waliokuwa jukwaa la 13 waliwaona mwanamume na mwanamke wakienda kupanda Asakaze pamoja, na baadaye wawili hao wakakutwa wamekufa. Nani aliwaleta mashahidi hao jukwaani dakika hizo hasa? Aliyeona kwa bahati ni shahidi. Aliyepangiwa aone ni chombo cha mtu mwingine. Ukilishika hilo, umeishika riwaya.

Saa hizo si za kubuni. Hadithi ilianza kutoka kwa mfululizo mwaka 1957 katika Tabi, jarida la wasafiri, na ikafuata ratiba ya treni ya mwaka huohuo. Msomaji mwenye ratiba angeweza kukagua kila safari.

Hata hivyo, sisi tunaipenda zaidi ile risiti. Mwanamume na mwanamke wale wamekutwa wamekufa ufukweni Kashii, huko Fukuoka, polisi wanasema ni wapenzi waliojiua. Mfukoni mwa marehemu kuna risiti ya behewa la chakula: mlo wa mtu mmoja. Torigai, askari wa Fukuoka ambaye umri umeshaenda na viatu vimechakaa, anakataa kuiachilia. Wapenzi wanaokwenda kufa pamoja, mmoja ale peke yake na mwingine akose hata kikombe cha chai? Kesi nzima inafunguka kutokana na kijikaratasi ambacho wengi wangekitupa.

Hapa Nakuru nimeonyeshwa Tokyo Express, na mtandaoni nikaona Points and Lines. Ninunue zote? (Msomaji, Nakuru)

Hapana, ni riwaya moja iliyotafsiriwa kwa Kiingereza mara mbili. Points and Lines ilitoka 1970. Tokyo Express ni tafsiri ya Jesse Kirkwood ya 2022. Chukua iliyo karibu, na pesa iliyobaki nunua Inspector Imanishi Investigates, iliyotafsiriwa na Beth Cary. Ukienda maktaba ya taifa, tafuta chini ya Matsumoto, maana hilo ndilo jina la ukoo.

Matsumoto alikuwa polisi? Anajuaje ofisi za serikali hivyo? (Msomaji, Bungoma)

Hakuwa polisi. Alizaliwa 1909 na kukulia Kokura, mji ambao leo ni sehemu ya Kitakyushu. Kwa umaskini wa nyumbani aliishia elimu ya msingi, akawa tarishi, kisha akajifunza uchoraji wa matbaa, na baadaye akachora matangazo katika gazeti la Asahi. Alikuwa amepita miaka 40 hadithi yake ya kwanza ilipochapishwa. Akapata Tuzo ya Akutagawa ya 1952, tuzo kubwa ya fasihi Japani, na 1956 akaacha kazi ya gazeti.

Mtu aliyekaa miaka mingi kwenye viti vya chini vya ofisi anajua nani hubebeshwa mzigo. Marehemu wa Kashii ni naibu mkuu wa kitengo katika wizara inayochunguzwa kwa rushwa: anajua mengi, lakini hana cheo cha kumlinda. Waandishi wengi waliomtangulia walitaka tujue mtu aliuawaje ndani ya chumba kilichofungwa. Matsumoto alitaka tujue kifo hicho kilimfaa nani. Aliendelea kuandika hadi alipofariki 1992.

Ninaandika hadithi ambapo mshukiwa adai alikuwa Nakuru wakati wa mauaji Kakamega. Nitumie mbinu ya Matsumoto? (Msomaji, Kakamega)

Tumia mbinu, usiige treni. Ujanja wake ulisimama juu ya kitu ambacho Wajapani wote waliamini hakikosei. Matatu ya Kisumu kwenda Nakuru huondoka ikijaa, kwa hiyo ukiandika "iliondoka saa mbili na dakika saba" hakuna atakayekuamini. Kitu chetu chenye saa kamili ni ujumbe wa M-Pesa: una tarehe, saa na nambari ya muamala.

Chora jedwali la safu nne: saa, mahali, nani alimwona, nini kimeandikwa. Lijaze kwanza kwa ukweli wa muuaji, halafu kwa uongo anaowaambia polisi. Mistari isipolingana ndipo mpelelezi wako aingilie. Safiri njia yenyewe kupitia Kericho, ukiandika muda kila kituo, na uongeze muda wa mvua na wa malori yanayojikokota Mau Summit. Wengi huharibikia hapo: wanapima umbali kwenye ramani, na msomaji anayeijua barabara anafunga kitabu.

Kosa lingine ni kudhani ujumbe unathibitisha mtu. Ujumbe wa kutuma pesa unathibitisha kwamba laini ilitumika na namba ya siri ikaingizwa, basi. Nani alishika simu? Anza uchunguzi hapo, na usimfiche msomaji jedwali. Mwonyeshe kila saa anayoiona mpelelezi.

Niangalie kwanza filamu ya Inspector Imanishi? (Msomaji, Nakuru)

Soma kwanza. Filamu ya Yoshitaro Nomura ya 1974 ni nzuri sana, lakini sehemu ndefu ya mwisho inafichua maisha ya zamani ya muuaji, na ukishaiona huwezi tena kutafuta pamoja na Imanishi maana ya lile neno "Kameda" lililosikika baani.