Uliza Mzee wa Mahesabu: Fegi ya mia mbili na mvuke wa embe

Kila bajeti ikishasomwa Dodoma, barua zangu hubadilika harufu. Miezi mingine mnaniuliza mikopo, vikoba, na mirathi ya kiwanja cha Chanika. Mwezi wa sita na wa saba ni bia na sigara. Safari hii nimechagua barua nne, zote za moshi, na kwa jambo hili nina haki mbili za kusema. Kwanza, nilikuwa mtunza hesabu wa duka la jumla Kariakoo kwa miaka 19, na sigara ilikuwa nusu ya daftari langu. Pili, nimevuta miaka 22. Niliacha mwaka 2009.

*Mzee shikamoo. Nina duka Tandika, si mbali na sokoni. Kila mwezi wa saba nikienda kuchukua mzigo naambiwa sigara imepanda, bajeti hiyo. Nikipandisha, wateja wananishukia mimi kana kwamba ndiye niliyekaa bungeni. Wanaovuta kwangu ni wabeba mizigo na mafundi, watu wa kula leo kwa leo. Wakikosa mia mbili wanachangia fegi moja watu wawili. Hiyo kodi inamzuia mtu kuvuta kweli, au inamwonea maskini tu? – Mangi wa Tandika*

Marahaba, Mangi. Swali lako nimelisikia bungeni, msikitini na kwenye daladala, lakini wewe umelileta likiwa na jibu ndani yake bila kujua. Nitafika.

Kwanza tuone kodi inavyokufikia. Ushuru wa bidhaa kwenye sigara hautozwi kwa pakiti, unatozwa kwa kila sigara elfu moja. Waziri akiongeza shilingi 10,000 kwa sigara elfu, maana yake ni shilingi 10 kwa sigara moja. Sasa niambie, nani Tandika anarudisha chenji ya shilingi kumi? Kwako bei inatembea kwa hamsini hamsini. Kwa hiyo nyongeza ndogo huishia sehemu mbili. Ama inamezwa huko juu, kiwandani na kwa mwenye jumla, na mvutaji hajui kama kuna kilichotokea. Ama inapewa miguu: kodi imepanda kumi, bei dukani inaruka hamsini, ile arobaini wanagawana watu njiani, na lawama zote zinabaki kwa Mangi.

Nimeyaona haya kwa macho. Kuna miaka niliandika bei mpya ya katoni kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, jioni nikashuka Mtaa wa Mkunguni kununua fegi zangu mbili, bei ileile ya jana. Nikavuta kwa raha zangu. Kodi kama ile haimzuii mtu yeyote, ni ya kukusanya fedha tu. Inayomzuia mtu ni ile inayovuka ngazi ya sarafu, inayomfanya mteja asimame mbele ya dirisha lako ahesabu mkononi mara mbili.

Na hapo ndipo jibu lako lilipo. Hao wawili wanaochangia fegi moja, jana walivuta mbili. Leo wamevuta nusu nusu. Wewe umeona dhiki, mtu wa afya ameona uvutaji umepungua. Hesabu za Shirika la Afya Duniani zinasema bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi katika nchi za kipato kama chetu hupungua kwa karibu asilimia 5. Vijana hushtuka zaidi, kwa sababu mfuko wao ni mwepesi na mazoea hayajaota mizizi. Afrika Kusini walianza kupandisha kwa nguvu miaka ya tisini, bei halisi ikapanda zaidi ya mara mbili, uvutaji ukashuka kwa takriban theluthi na mapato ya kodi yakaongezeka. Hesabu hiyo huwashangaza watu, lakini mwenye duka anaielewa: ukiuza pungufu kidogo kwa bei ya juu sana, droo haikondi.

Kwetu kuna matundu mawili. La kwanza, ushuru wetu ni wa kiasi maalumu, yaani shilingi kadhaa kwa sigara elfu, si asilimia ya bei. Ukikaa bila kuguswa huku unga na nauli vikipanda, sigara inakuwa rahisi kimyakimya. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza kwamba viwango vya namna hiyo vitatazamwa kila baada ya miaka mitatu badala ya kila mwaka. Wafanyabiashara walifurahi, wanapenda kujua kesho yao, nami nilipokuwa dukani ningefurahi pia. Lakini miaka mitatu ni mingi kwa sigara.

La pili, viwango vyenyewe viko kwa madaraja. Yenye kichungi mbali, isiyo na kichungi mbali, na yenye tumbaku ya nyumbani kuanzia asilimia 75 inapata nafuu yake. Ya ghali ikipanda, mtu hashuki kwenye basi, anahamia siti ya nyuma. Nimehama mwenyewe mara tatu kutoka aina moja kwenda nyingine na sikupunguza hata fegi moja. Mapafu hayaulizi jani limetoka Urambo au ng'ambo. Shirika la Afya Duniani linashauri kodi zote zifike walau asilimia 75 ya bei ya pakiti. Sisi bado tuko chini sana ya hapo.

Sasa hili la kumwonea maskini. Nakupa nusu. Anayeendelea kuvuta ndiye anayeumia, na mara nyingi fedha hiyo imetoka kwenye sufuria la nyumbani. Lakini nilikuwa na mwenzangu stoo, mtu wa Kilwa, mcheshi, fegi haikutoka mdomoni. Kikohozi chake tulikiita saa ya ukutani kwa sababu kilitupigia saa kumi na moja alfajiri mzigo ukiingia. Alipofika Ocean Road, hospitali ya saratani, alikuwa keshachelewa. Sigara zake za miaka yote ukizijumlisha hazifiki walichotumia wanawe kwa miezi saba: nauli, vipimo, dawa, na binti aliyeacha kibanda chake cha chipsi ili amkalie baba wodini. Tukisema kodi inamwonea maskini, tusisahau kwamba ugonjwa huo haukuwahi kumpa punguzo.

Ila nakubali hili: kodi bila msaada wa kuacha ni kumchapa mtu aliyefungwa kamba. Thailand, tangu mwaka 2001, wanaweka nyongeza ya asilimia 2 juu ya ushuru wa tumbaku na pombe, fedha inakwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa kukuza afya. Ufilipino, sheria yao ya mwaka 2012 ilipeleka sehemu kubwa ya kodi mpya kwenye bima ya afya ya maskini. Mbeba mizigo wako akijua ile hamsini inamlipia mwanawe bima, matusi yatapungua. Kidogo.

Na usiuze sigara isiyo na stempu ya kodi, hata mzigo ukija kwa bei tamu kiasi gani. Tangu mwaka 2019 stempu ni za kielektroniki, na TRA wana programu ya simu ya kuihakiki. Watoto wa chini ya miaka 18 usiwauzie hata wakisema wametumwa na baba. Mimi nilitumwa hivyo.

*Kaka habari za kazi. Mwanangu yuko chuo mwaka wa kwanza. Nimekuta begini kitu kama kalamu nene, kinanukia embe. Anasema ni mvuke wa maji tu, hauna madhara, na kwamba Uingereza madaktari wanawapa watu. Ananidanganya? – Mama wa Sinza*

Salama, dada yangu. Anakudanganya nusu, na aina hiyo ya uongo ndiyo ngumu kuikamata.

Si maji. Kimiminika cha vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ni glaikoli na gliserini, vionjo, na mara nyingi nikotini. Geuza kile kikopo usome maandishi madogo. Ukiona miligramu 50, au asilimia 5, jua nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu kupita miligramu 20 kwa mililita, yaani asilimia 2. Nikotini ndiyo inayomfunga mtu, na embe lipo kwa ajili ya kuificha.

Kuhusu Uingereza, ni kweli. Mtu mzima aliyevuta miaka mingi wanamwambia ahamie vepu aachane na sigara, kwa sababu hakuna jani linaloungua na sumu ni pungufu sana. Lakini mwanao alikuwa anahama kutoka wapi? Kama hakuwahi kuvuta, basi hajahama, ameingia. Na Waingereza hao hao, tangu tarehe 1 Juni 2025, wamepiga marufuku vepu za kutumia na kutupa, kwa sababu ya watoto na taka. Uganda sheria yao ya mwaka 2015 ilikataza sigara za kielektroniki kabisa. Afrika Kusini wakachagua kodi: walianza Juni 2023 na randi 2.90 kwa kila mililita. Majirani, na kila mmoja na dawa yake.

Sheria yetu ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003. Mwaka huohuo mfamasia mmoja wa China, Hon Lik, ndiye aliyekuwa anabuni hiyo kalamu unayoiona begini. Unaelewa basi kwa nini sheria iliyoandikwa kwa ajili ya majani na karatasi inahangaika kukishika kitu cha betri na embe.

Ushauri mmoja wa kizazi. Usimtishe kwa zile picha za Wamarekani waliougua mapafu mwaka 2019. Wengi wa wale walikuwa wanavuta mafuta ya bangi yaliyochanganywa na kemikali ya vitamini E. Atatafuta kwenye simu, atakuonyesha, na hapo umeshindwa mjadala wote. Muulize kitu kimoja: anaweza kukuachia wewe hicho kitu kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu? Umtazame Jumapili mchana.

*Mzee, kama sigara inaua, si waipige marufuku tu tukapumzika? Ila mjomba wangu analima tumbaku Urambo, naye atakula nini? – Msomaji wa Buguruni*

Mwanangu umeuliza maswali mawili yanayokabana koo. La kwanza: Julai 2016 shisha ilipigwa marufuku hapa Dar kwa tamko, na Waziri Mkuu akaliongezea uzito. Pita leo usiku kwenye baadhi ya baraza za mjini ujionee makaa. Na kikao kimoja cha shisha cha saa nzima unaweza kukuingizia moshi wa sigara mia na zaidi, kwa hiyo si kwamba waliokataza walikosea ugonjwa. Afrika Kusini nao walifunga mauzo ya sigara karibu miezi mitano wakati wa korona mwaka 2020, wavutaji wengi wakaendelea kununua uchochoroni kwa bei ya kuruka, na Hazina haikuona randi. Kodi iliyopangwa vizuri inafika mahali ambapo tamko halifiki.

La pili ni jepesi kuliko unavyodhani. Tumbaku yetu nyingi inasafirishwa nje. Mjomba wako anategemea wanunuzi wa huko, si fegi ya Mangi. Uchunguzi wa mwaka 2018 ulikuta watu wazima wanaotumia tumbaku nchini ni asilimia 8.7, ugoro ukiwemo. Hata wote wakiacha kesho, mizani ya Urambo haitatikisika sana. Anayetaja wakulima kila kodi ya sigara inapoguswa, mwulize kwanza yeye anauza nini.

*Shkamoo mzee. Mimi boda wa Mwenge, nina miaka 27. Navuta sita kwa siku. Nataka kuacha, nimeshindwa mara mbili. – Boda*

Marahaba kijana. Sita kwa mia mbili ni 1,200 kwa siku, 36,000 kwa mwezi. Hizo tairi ya nyuma inapatikana. Najua mahesabu hayamwachishi mtu, mimi nilikuwa natunza hesabu za watu mchana na kuvuta zangu usiku.

Kushindwa mara mbili ni kawaida, mimi nilishindwa nne. Uliza famasi kama wana chingamu au vibandiko vya nikotini. Viko kwenye orodha ya dawa muhimu ya dunia tangu mwaka 2009, ingawa mitaani kwetu kuvipata ni kutafuta kweli na bei haimtazami boda. Ukikosa, fahamu kwamba ile kiu inakuja kwa mawimbi ya dakika chache. Mimi nilikuwa natafuna karafuu. Ulimi uliwaka, wimbi likapita.

Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Kwa hiyo usianze Jumatano ukajikuta Ijumaa ya mwisho wa mwezi kijiweni na wenzako wana hela. Anza Jumapili. Na kile kiberiti cha gesi kilicho mfukoni mwa koti, kigawe Jumamosi.