Kabla ya kung'oa makabati ya jikoni ili uuze nyumba, fungua mlango wa chini ya sinki

Aliyenunua nyumba ya mama mkwe wangu hapa Kiamunyi, Nakuru, ni mama wa makamo aliyekuja na binti yake. Sebuleni hakumaliza hata dakika mbili. Alipitiliza hadi jikoni, akakunja leso yake, akapiga magoti mbele ya sinki, akafungua kabati na kumulika ndani kwa tochi ya simu. Alipapasa ubao wa nyuma kwa kiganja, kisha akanusa vidole. Akamgeukia binti yake, akasema, "Pakavu." Hapo ndipo alipouliza bei.

Neno hilo lilitugharimu shilingi 41,500 za ukarabati. Miaka miwili nyuma, Kisumu, nilitumia zaidi ya mara nne ya pesa hizo na sikulisikia. Tangu watu wajue tumeuza nyumba mbili, swali wanaloniuliza ni hilo hilo: tung'oe makabati ya jikoni tuweke mapya kwanza, ndipo tuuze? Mimi huwaambia wasiguse kitu mpaka wajue maji yanapita wapi.

Nianze na Kisumu, kwa sababu ndiko nilikoumia. Nyumba yetu ya Migosi tuliijenga wenyewe, tukaishi, kisha mume wangu akahamishiwa Nakuru tukaipangisha kwa miaka minne. Mpangaji alipotoka jikoni palikuwa pamechoka kweli: milango imelegea, droo moja haina uso, rangi imebadilika kuwa ya chai. Dalali akatuambia nyumba haitasogea bila jikoni la kisasa. Tukakubali bila kuuliza la pili. Tukang'oa kila kitu, tukaagiza makabati meupe yanayong'aa, pamoja na sehemu ya juu ya kaunta, jumla shilingi 186,000. Fundi alisema siku kumi. Zilikuwa wiki tano, na mvua za masika zilimkuta bodi zikiwa zimepangwa kwenye veranda. Kisumu unaijua ilivyo na unyevu. Bodi ikinywa maji kabla haijafungwa, hata ukiipamba vipi, itakuja kukuaibisha.

Mimi nilikuwa Nakuru, nikisimamia kazi kwa picha za simu. Picha ya simu haionyeshi unene wa bodi, wala haionyeshi nyuma. Tulikuwa tumepatana kwamba kabati la sinki litumie plaiwudi ya marini, ile isiyoogopa maji. Ikawekwa chipubodi, ile bodi ya vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, yenye ngozi nyeupe ya melamini. Na kosa kubwa kuliko hilo lilikuwa letu: kiungo cha bomba kilichokuwa kikidondoka ndani ya kabati la zamani hatukukirekebisha. Tulikifunika.

Miezi mitatu baadaye akaja mnunuzi wa maana, mume na mke, pesa ziko tayari. Mke akafungua chini ya sinki. Sakafu ya kabati ilikuwa imevimba kama kipande cha mkate kilichodumbukia kwenye chai, na ile ngozi nyeupe imeinuka pembeni. Akaniuliza makabati yana umri gani. Nikasema mapya. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kama mapya yako hivi, na bomba lililo ndani ya ukuta je?" Tangu hapo kila kitu kikawa na mashaka, hata paa ambalo halikuwa na tatizo lolote. Walishusha bei kwa shilingi 250,000, nasi tukakubali kwa kuwa tulikuwa tumechoka kungoja. Halafu yule mama akaniambia kwa upole kabisa kwamba hata yasingevimba, makabati ya juu angeyatoa. Yalikuwa juu kuliko mkono wake unavyofika, na hayakuwa na mahali pa kuweka sufuria kubwa ya ugali.

Maneno yake ndiyo yaliyonifunza nilichokuja kufanya Nakuru. Mtu anayenunua nyumba hajui ladha yako wala wewe hujui yake. Anachotafuta jikoni ni dalili: je, hawa watu walikuwa wakiitunza nyumba, au wameipaka poda juzi? Makabati mapya kabisa ndani ya nyumba ya zamani humfanya ajiulize kilichofichwa. Makabati ya zamani yaliyo imara, makavu, yanayofunga vizuri, humtuliza.

Kwa hiyo ilipofika zamu ya mama mkwe, ambaye alikuwa anahama kuja kuishi karibu nasi, nilitoa vyombo vyote nje kwanza. Usichunguze kabati likiwa na sahani ndani. Chukua bisibisi, uichomeke kwa nguvu ya kawaida kwenye sakafu ya kabati la sinki, kwenye pembe za chini za kila kabati, na mahali kabati linapokutana na ukuta. Ikigoma, ubao ni mzima. Ikizama kama kwenye keki, hapo hapana ukarabati, hiyo sehemu ni ya kutoa. Kisha gonga mbao za nyuma kwa kifundo cha kidole. Mchwa wakishakula ndani, sauti huwa tupu, na ukiangalia vizuri utaona vijia vya udongo vinapanda ukutani. Mchwa ukiwaona, usimwite seremala kabla ya mtu wa dawa, maana utakuwa unawapelekea chakula kipya.

Makabati ya mama mkwe yalitengenezwa miaka ya tisini kwa mbao za saipras, fremu nzima, si bodi. Yalionekana mabaya kwa macho: mafuta ya miaka mingi, bawaba zenye kutu, rangi ya kahawia iliyopauka. Lakini bisibisi iligoma kila mahali isipokuwa chini ya sinki. Seremala wa kwanza niliyemwita aliyaangalia akiwa amesimama mlangoni, akaniambia tung'oe yote. Wa pili aliinama, akavuta droo, akatazama viungo vyake, akasema, "Mama, hizi mbao leo utazipata kwa bei gani?" Alisema kweli. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma mwaka 2018, marufuku iliyokaa hadi 2023, bei ya mbao ilipanda na watu wengi wakahamia bodi. Ukiwa na fremu ya mbao kavu iliyonyooka, usiitupe ili ununue MDF, bodi ya nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi.

Kazi tuliianzia kwenye bomba, si kwenye mbao. Fundi wa mabomba alibadilisha kiungo na mtego wa maji taka wa sinki. Kisha nikatandika gazeti kavu ndani ya kabati, nikaliacha siku saba huku mama akitumia sinki kama kawaida. Gazeti lingelowa hata tone moja ningeliona. Halikulowa. Hapo ndipo seremala aliweka sakafu mpya ya plaiwudi ya marini, akapaka kingo zote rangi kabla ya kuifunga, hata zile zisizoonekana, na kuziba mshono wa nyuma kwa silikoni. Maji huingia kwenye bodi kupitia kingo. Uso ukiwa mzuri na kingo ziko wazi, hujafanya kitu.

Milango tuliing'oa yote, kila mmoja ukaandikwa namba kwa penseli upande wa bawaba. Mafuta yaliyoganda tuliyatoa kwa maji ya moto na magadi, tukasuuza, tukaacha ikauke siku mbili kabla ya msasa. Usipake rangi juu ya mafuta. Itabanduka kama ganda la yai. Tundu za zamani za skrubu zilizolegea seremala alizijaza vijiti vya mbao na gundi, akaacha zikauke, akakata vilivyozidi kwa patasi, na bawaba mpya zikashika kama kwenye mbao mpya. Milango miwili ilikuwa imepinda, hiyo ikatengenezwa upya.

Rangi ilitutoa jasho. Ilikuwa Januari, na Nakuru Januari ni vumbi. Udongo wetu ni wa volkeno, mwepesi kama unga, unapita hata chini ya mlango uliofungwa. Mkono wa kwanza wa rangi ya mafuta ulikauka ukiwa na chembechembe, ukipitisha kidole unahisi kama ulimi wa paka. Tulipiga msasa tena. Mara ya pili tulinyunyizia maji sakafuni, tukafunga madirisha, tukapaka alfajiri kabla upepo haujaamka. Ilitulia kama maziwa. Nilichagua rangi ya krimu, vishikio vya chuma vya kawaida, na sikugusa kaunta ya terazo isipokuwa kuipiga polishi.

Sisemi kila makabati yaokolewe. Kama ni chipubodi na imevimba sehemu nyingi, au mchwa wamepita, ondoa. Kama nyumba nyingine zinazouzwa mtaani kwako zote zina jikoni jipya, hapo pia una sababu. Usibahatishe, nenda ukazione tatu kama mnunuzi, ufungue makabati yao. Ukiamua kuweka mapya, bodi iwe ya milimita 18, kaunta iwe karibu sentimita 90 kutoka sakafuni na kina cha sentimita 60, na makabati yainuliwe kama sentimita 10 juu ya msingi wa zege au miguu. Sisi hupiga deki kwa maji, hatufuti kwa kitambaa kikavu, na bodi iliyokaa sakafuni itanyonya kila siku. Lipa kwa awamu, na awamu ya mwisho itoke baada ya wewe mwenyewe, kwa macho yako, kuona maji yakitiririka kwenye sinki kwa nusu saa. Ukiwa mbali, mtume ndugu anayejua kuinama.

Jambo la risiti watu hulipuuza na linauma. Nyumba ya Migosi tuliiuza katikati ya 2023, miezi michache baada ya kodi ya faida ya mauzo ya mali kupanda kutoka asilimia 5 hadi 15, kuanzia tarehe 1 Januari mwaka huo. Kodi hiyo humhusu muuzaji, naye hulipa kwenye faida, si kwenye bei yote. Gharama ulizotumia kuongeza au kuhifadhi thamani ya nyumba hutolewa kwanza, ukiwa na ushahidi. Bodi tulikuwa na risiti zake. Ufundi tulilipa mkononi, bila karatasi. Kwa mama mkwe hali ilikuwa tofauti: alikuwa ameishi mfululizo katika nyumba yake mwenyewe kwa zaidi ya miaka mitatu kabla ya kuuza, na makazi ya namna hiyo hayatozwi kodi hii. Muulize wakili wako mapema uko upande gani, kabla hujamwita seremala.

Na umwambie pia kinachobaki na kinachoondoka. Kilichofungwa ukutani mnunuzi huhesabu ni chake, na ana haki. Jikoni kwa mama mkwe kulikuwa na kabati moja la vyombo, refu, lililotengenezwa na marehemu baba mkwe kwa mikono yake, na lilikuwa limepigwa misumari ukutani. Mama hakuwa tayari kuliacha. Tulimwambia mnunuzi siku ile ile aliyosema "pakavu", naye akasema, "Hilo lichukue, mama, ni la mzee." Wakili akaliandika kwenye mkataba wa mauzo kabla ya amana ya asilimia 10 kulipwa.

Siku ya kuhama vijana wanne walilitoa kwa ubavu kupitia mlango wa nyuma. Ukutani pakabaki alama ya umbo lake, rangi ya kijani ya zamani ambayo hakuna aliyekuwa ameiona kwa miaka zaidi ya ishirini. Mama mkwe alisimama akiitazama kwa muda mrefu. Kisha akaomba brashi, nasi tukapaka pale palipokuwa kabati, mikono miwili, na kopo la rangi iliyobaki tukaliacha chini ya sinki, juu ya ubao mkavu.